crm_simulate ya Pacemaker: iulize kwanza kabla hujachomoa waya

Wakuu, hii naitumia mwaka wa tatu sasa na bado nakutana na watu wana klasta za Linux kazini (seva kadhaa zinazoshirikiana, moja ikifa nyingine inabeba kazi) hawajui hata kama ipo, wakati ukishakuwa na Pacemaker (programu inayoamua huduma gani iendeshwe kwenye seva ipi) tayari unayo, inakuja humohumo na ni bure. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kazi yake ni kuiuliza klasta "seva hii ikifa sasa hivi utafanyaje?" Unaandika crm_simulate -LS --node-fail seva2, inasoma hali ilivyo muda huo, inapiga hesabu zilezile Pacemaker anazopiga siku ya tukio lenyewe, halafu inakuonyesha huduma gani inahamia wapi na ipi inaanza kwanza, bila kugusa kitu chochote. Ukiweka na -s unaona alama za kila huduma kwa kila seva, hapo ndo unajua kwa nini databesi yako inang'ang'ania upande mmoja.

Iliyonifanya niipende ni maumivu. Ofisi moja niliyokuwa tulikuwa na seva mbili, databesi ya PostgreSQL juu ya DRBD (inayonakili diski ya seva moja kwenda nyingine kupitia mtandao), na aliyeisimika aliacha stonith-enabled=false (stonith ni ile ya kumzima kwa nguvu mwenzako asiyejibu), sisi tukaikuta hivyo tukaiacha hivyo. Usiku mmoja kiungo kati ya swichi mbili kikakatika, kila seva ikaamini mwenzake kafa, zote zikajifanya kuu, wateja wa huku wanaandika huku na wa kule wanaandika kule, na mle kulikuwa na malipo ya watu jamani! Siku mbili tunalinganisha rekodi moja moja kwa mkono. Baadaye nikachukua faili ya klasta ileile nikaipitisha kwenye crm_simulate kwa -x (inasoma faili badala ya klasta hai), na jibu lilikuwepo siku zote: kwenye muhtasari hakuna mstari wa Fence (kumzima kwa nguvu seva aliyepotea) hata mmoja, yaani seva iliyobaki ilikuwa inabeba databesi moja kwa moja bila kumzima mwenzake kwanza. Mstari huo ndo wa kuutafuta kabla ya yote, hasa kama una seva mbili tu, maana mpangilio wa two_node wa Corosync (programu inayoziunganisha seva za klasta ziwasiliane) unairuhusu seva moja iendelee peke yake kama vile akidi imetimia, sasa bila stonith nani atamzuia wa pili naye asiendelee?

Kingine kizuri, kila uamuzi wa klasta unahifadhiwa kwenye /var/lib/pacemaker/pengine, kwa hiyo asubuhi baada ya tukio unachukua faili la usiku unalirudia hatua kwa hatua, hakuna kubishana nani kagusa nini.

Kasoro zipo. Kuigiza huduma kufeli ni kazi, lazima uandike kitu kama db_monitor_20000@seva1=7, muda kwa milisekunde, na jina ulipatie sawasawa. Kubwa zaidi ni kwamba haijui vifaa vyako vikoje, yenyewe ikisema imezima seva2 inachukulia imezimika. Ndo maana lazima umalizie na kifo cha kweli: echo c > /proc/sysrq-trigger inaangusha kerneli palepale, na kwa mtandao funga UDP ya Corosync kwa iptables (ukuta wa moto wa Linux), kuingia na kutoka (kawaida ni 5405). Usitumie ifdown (amri ya kuzima kiunganishi cha mtandao), Corosync 2 ikipoteza anwani inarukia 127.0.0.1 (anwani ya mashine yenyewe) na unaishia kupima tatizo ambalo waya kukatika haulileti.

Nyota moja nimeikata hapo. Mwezi uliopita iliniambia kila kitu safi, Fence ipo, databesi inahamia seva1, nikafurahi, tukaiangusha seva2 kweli na hakuna kilichohama, klasta imesimama inasubiri seva2 ithibitishwe imezimwa. Kumbe mtu alibadilisha pasiwedi ya IPMI (njia ya kuzima seva kwa mbali, ambayo stonith yetu inaitumia) na hakuna aliyeibadilisha kwenye stonith.