Uzoefu wangu: shoo ya dansi zilizotungwa na wanafunzi wanaomaliza chuo

Naanza na hukumu kabisa ili asiye na muda aishie hapa: nendeni. Kama kuna chuo chenye idara ya dansi karibu na unapoishi na mwisho wa masomo wanaweka shoo ya wanaomaliza, usiiache kisa tu hujui mtu yeyote jukwaani. Wengi wanadhani hizi shoo ni za wazazi na marafiki, waje wapige makofi, wapige picha, waende zao. Mi nakataa kabisa. Pale unaona kitu ambacho kwenye makundi makubwa hukioni kirahisi, unamwona mtu anaamua. Kundi kubwa linajua miaka na miaka nini kinawashika watu, lakini huyu yuko mwaka wa mwisho, ana dakika kama kumi hivi na miili ya wenzake, na kila alichochagua kiko uchi mbele yako, kizuri na kibovu.

Kwa ambaye hajawahi kwenda, inakuwa hivi. Kila anayemaliza anatunga kazi yake kuanzia sifuri, sio kurudia dansi ya mwalimu. Anachagua wacheza, mara nyingi wanafunzi wenzake, anawapitisha kwenye mazoezi miezi kadhaa, anatafuta mziki, anakaa na mtu wa mavazi na mtu wa taa, na katikati kuna siku walimu wanakuja kuiangalia ikiwa bado mbichi, wanasema hapa pamekaa hapa hapajakaa. Halafu zote zinapangwa usiku mmoja, giza kidogo katikati, taa zinawaka, na uko dunia nyingine kabisa.

Kuhusu kukaa. Nusu ya kwanza nilikaa mbele sana, baada ya mapumziko nikahamia nyuma katikati, na tofauti ni kubwa mno. Mbele unasikia pumzi, unaona jasho, unaona nani anahesabu moyoni maana midomo inamcheza, lakini huoni ramani. Dansi ya kundi ina ramani sakafuni, nani anakata kona, nani anaachwa peke yake nyuma, mstari unavunjikaje, na hiyo inataka ukae juu kidogo na mbali kidogo. Mtu wa mara ya kwanza akae nyuma katikati asijute.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya kundi kubwa, wacheza wanane, na kwa kweli walikuwa fiti, miguu inapanda, wanaruka wanatua bila kelele, lakini wote wanafanya kitu kimoja kwa wakati mmoja karibu mwanzo mpaka mwisho, tena kwa kasi, na kila sekunde nane kinakuja kitu kipya, kabla hujakikumbatia kimeshaondoka. Hili nimeliona kwa watunzi wengi vijana, wanaogopa kutulia. Wana mawazo ya dansi tatu wanayatia kwenye moja, na mtazamaji anatoka akisema walikuwa wazuri ila ukimuuliza nini kilitokea hana jibu. Palikuwa na sehemu moja tu, mmoja amebaki amelala wenzake wote wanakimbia kumzunguka, nikasema ehee sasa hapa, na hapohapo akainuka akaingia kwenye mstari. Iliniuma, maana dansi yenyewe ilikuwa pale.

Sasa njoo kwenye ile ya wawili. Wasichana wawili, mmoja mrefu mmoja mfupi, na mfupi ndo alikuwa anambeba mrefu. Nilikuwa mbele bado kwa hiyo niliona kila kitu. Hakumnyanyua kwa mikono hata mara moja. Alikunja magoti, akaingiza nyonga yake chini ya nyonga ya mwenzake, mgongo ukalala kama meza, na yule mrefu akamwaga uzito wake juu ya huo mgongo taratibu mpaka nikaona kisigino kinabanduka sakafuni, halafu vidole, halafu yuko hewani na hakuna aliyevuta wala kusukuma. Mkono wa mfupi ulikuwa umefunguka tu pembeni, haujashika chochote. Ukiwa na kitovu cha uzito wa mwenzako juu ya chako huhitaji misuli ya kutisha, mifupa inabeba. Msingi wa hii kazi uko kwenye ile staili ya kugusana na kuegemeana papo kwa papo aliyoianzisha Mmarekani Steve Paxton mwaka 1972, ila hapa kila kitu kilikuwa kimepangwa, na mtunzi alikuwa na akili ya kuwaacha wachoke. Mwishoni mfupi anatetemeka mapaja na hakuficha, na yule mrefu sasa ndo akashuka chini kumpokea. Sikuhitaji mtu anieleze ni dansi ya nini.

Lakini iliyoniondoa akili ni ya watano. Watano wamesimama mstari mmoja wakitutazama, hawatoki walipo. Wanaanza na kitu kidogo sana, kufuta kiganja kwa kiganja, mara moja, wanasimama. Wanarudia kufuta, wanaongeza kugeuza bega. Wanarudia kufuta na bega, wanaongeza kushusha kichwa. Hivyo hivyo, kila wakirudi mwanzo mnyororo umerefuka kidogo, na watu tulianza kuujua, mtu wa pembeni yangu alikuwa anatingisha bega kabla yao. Halafu wa pili kutoka kushoto akaacha kitu kimoja, kile cha kufuta viganja, kilipofika zamu yake mikono yake ikabaki chini. Wenzake wanne wakafuta. Mnyororo ukaendelea kama hakuna lililotokea, ukarudi tena, na tena hakufuta. Jamani! Ukumbi mzima ulimwangalia yeye, na hakufanya chochote zaidi ya kutofanya. Nimewahi kuona watu wanabiringika na kulia jukwaani wasinishike vile.

Njia hii ya kujumlisha ishara moja juu ya nyingine sio mpya, mtunzi wa Marekani Trisha Brown alitunga dansi maarufu kwa njia hiyo mwaka 1971, inaanza na vidole gumba tu vinazunguka, na nina uhakika huyu mwanafunzi ameisoma darasani. Sioni kosa lolote hapo. Alichukua mashine ya mtu akaitia kitu chake, yule anayeacha, na hapo ndo kazi ikawa yake.

Na hili linanirudisha kwa wanaodharau wakisema haya ni mazoezi ya darasa. Huyo Trisha Brown, na Paxton, na mtunzi mwenzao Yvonne Rainer, walitokea wapi? Walikuwa kwenye darasa la utunzi la Robert Dunn, mwanamuziki aliyekuwa amesoma kwa mtunzi wa mziki John Cage, na Julai 1962 watu wa lile darasa, Paxton na Rainer wakiwemo, wakaenda kuonyesha kazi zao kwenye kanisa la Judson pale New York. Wakatembea jukwaani kama watu wanavyotembea njiani, wakafanya vitu vya kila siku wakaviita dansi, na mpaka leo kila chuo kinafundisha kuhusu usiku ule. Sisemi kila shoo ya wahitimu ni Judson. Nasema kazi za darasa zinaweza kuwa ndo penyewe, na aliyekuwepo ukumbini ndo aliyeona.

Haya, malalamiko sasa, na la kwanza ni mziki. Karibu nusu ya kazi zilikuwa na mziki wa aina ileile, piano ya huzuni inaanza polepole, vayolini zinaingia, zinapanda, zinapanda, na wewe unaambiwa lia hapa. Mziki wa namna hiyo unafanya kazi yote, dansi inabaki mapambo. Nilikuwa natamani mtu awaambie wafanye jaribio moja tu, wazime mziki siku moja mazoezini waangalie kinabaki nini. Mtunzi wa dansi Merce Cunningham na huyo Cage walikwenda mbali zaidi, dansi inatengenezwa kivyake na mziki kivyake, vinakutana jukwaani, na wacheza mara nyingine walikuwa wanausikia mziki kwa mara ya kwanza siku ya onyesho. Sio lazima kila mtu afanye hivyo, lakini ukijua inawezekana unaacha kuufuata mziki kama umefungwa kamba. Mmoja alithubutu. Katikati ya kazi yake mziki ulikata, wacheza wakaendelea kwa kasi ileile, na tukabaki na nyayo, na kanga za mavazi yao zikipigana na hewa, na pumzi, na ghafla tukajua kazi yote hiyo ilikuwa ngumu kiasi gani. Mziki uliporudi nilitamani usingerudi.

La pili ni taa. Dansi inataka mwanga wa pembeni, mwanga wa mbele unaubandika mwili ukutani hauna umbo, wa pembeni unachonga misuli, na ule wa chini kabisa usawa wa ugoko unafanya sakafu ipotee na mtu aonekane anaelea. Kazi ya wawili iliutumia vizuri sana. Najua pia kwamba usiku wa namna hii taa zinatundikwa na kupangwa mara moja kwa kazi zote, kila mtunzi anapewa taa zake maalum chache na muda mfupi wa kujaribu, kwa hiyo mtu akishindwa kupata rangi aliyoitaka simlaumu. Lakini palikuwa na moja iliyokuwa giza mwanzo mwisho. Giza lile sio la fumbo, ni la kutoona. Wacheza wamejituma miezi, mama mtu kaja kumwona mwanae, na tunaona vivuli vya viwiko. Hilo halina utetezi, mwalimu alikuwepo, fundi alikuwepo, mtu angesema.

Kuna jambo lingine huenda wengi hawakuliona, kwenye karatasi ya programu. Baadhi waliandika dansi imetungwa na fulani kwa kushirikiana na wacheza, wengine wakaweka jina lao peke yake juu kwa herufi nene na wacheza chini kabisa kwa herufi za kuchokonoa macho. Siku hizi sehemu kubwa ya miondoko inatoka kwa wacheza wenyewe. Mtunzi wa dansi Pina Bausch kule Wuppertal, Ujerumani, alikuwa anawauliza wacheza wake maswali, nao wanajibu kwa mwili au kwa maneno, halafu yeye anachagua na kupanga. Utunzi ni huo kuchagua na kupanga, sikatai, lakini aliyejibu swali kwa mwili wake ametoa kitu. Nimefurahi sana kwa wale walioandika, na hao wengine ningewaomba waanze tabia hiyo sasa wakiwa bado chuoni, kwa sababu huko mbele ndo ugomvi wa kazi za watu unapoanzia.

Mpangilio wa usiku wenyewe wastani. Walichelewa kuanza, na walipanga kazi nzito tatu mfululizo, kifo, kuachwa, kifo, mpaka mtu unachoka kuhisi, wakati ile yenye furaha pekee, ya vijana wanne wanaopokezana mdundo kwa makofi na miguu, waliiweka mapema ikasahaulika. Ingekuja baada ya mapumziko ingewaamsha watu. Na simu jamani, mtu mbele yangu karekodi karibu kila kitu na kioo chake kinawaka usoni mwetu. Waliotangaza mwanzoni zizimwe walitangaza kwa sauti ya upole mno.

Baada ya shoo palikuwa na mazungumzo na watunzi, na hapa ndo nawaomba watazamaji. Swali la kwanza ni lilelile, ulimaanisha nini, na mtoto wa watu anaanza kujieleza kama yuko mahakamani, anaiua kazi yake mwenyewe kwa maelezo. Kuna utaratibu wa Liz Lerman, naye ni mtunzi wa dansi, wa kutoa maoni kwa hatua nne: kwanza watazamaji wanasema kilichowagusa, halafu msanii anauliza anachotaka kujua, halafu watazamaji wanauliza maswali yasiyo na hukumu ndani yake, na mwisho kabisa mtu mwenye maoni anaomba ruhusa kwanza ndo anayatoa. Nilijaribu kidogo. Nilimwambia mtunzi wa ile ya watano kwamba ile mikono iliyobaki chini ilinishika kuliko kitu chochote usiku ule, nikanyamaza. Akaniuliza kama niliona mara ya kwanza kabisa yule mcheza alipoacha au ya pili. Nikamwambia ya kwanza. Akaandika. Kumbe walikuwa wanabishana mazoezini kama yule mcheza aache mara moja tu au arudie, na hilo ni swali la mtunzi hasa.

Kwa nyota natoa nne kati ya tano, moja imekwenda na lile giza na zile vayolini. Ukitaka kwenda chagua usiku wa mwisho kama upo, usiku wa kwanza wacheza bado wanaikumbuka dansi, wa mwisho wanaicheza. Soma majina kwenye programu kabla taa hazijazimwa, ila usisome maelezo ya kazi mpaka uwe umeiona, na ukipenda kazi ya mtu mtafute mlangoni umwambie ni sehemu gani hasa, maana neno hongera peke yake ameshalisikia kwa kila mtu na halimsaidii kutunga nyingine.