Tovuti mbili za migahawa ya Mji Mkongwe, nilizozifungua kwa simu nikiwa na mama

Mwezi uliopita nilivuka na mama kutoka Dar kwenda Unguja. Mama ana kisukari na magoti yanamsumbua, kwa hiyo nikitafuta pa kumlisha huwa nataka kujua mambo machache kabla hatujaanza kutembea: kuna kitoweo gani, bei gani, wanafungua saa ngapi, na je, kuna ngazi? Anayeujua Mji Mkongwe hatashangaa kwa nini nauliza ngazi. Migahawa mingi yenye sifa iko juu ya paa la nyumba za zamani, na ngazi zake ni za mbao, nyembamba, zimesimama wima. Gari nalo haliingii vichochoroni. Ukikosea mahali, unarudi kwa miguu.

Tulishuka bandarini saa saba kasoro, jua limekaza. Mfanyakazi mwenzangu alikuwa amenitajia mgahawa mmoja, sitautaja jina. Nikafungua tovuti yao tukiwa tumesimama kivulini.

Kwanza ikaja video ya jua likizama baharini, ikajicheza yenyewe na kuanza kula bando langu. Ilipoisha, maandishi yalikuwa madogo kama punje za ufuta. Nikiyatanua kwa vidole, mstari unakatika pembeni. Nasukuma kulia, narudi kushoto, nimesahau nilichokuwa nasoma. Nikabonyeza menyu. Haikufunguka kama ukurasa, ilitaka nipakue faili la PDF, likafika nusu likagoma. Mara ya pili lilishuka, na ndani yake mlikuwa na kurasa zilizopangwa kwa ajili ya karatasi kubwa ya mezani: jina la chakula kushoto kabisa, bei kulia kabisa. Naliona jina la pweza wa nazi, bei yake siioni. Nikisogeza niione bei, sijui tena ni ya chakula gani.

Nikasema basi, nipige. Namba ilikuwa imechorwa ndani ya picha, huwezi kuibonyeza wala kuinakili. Nikamwomba mama azishike kichwani tarakimu nne za mwisho nami nikaandika za mwanzo. Ilikuwa namba ya mezani, ikaita hadi ikakatika. Tukaamua kwenda tu. Tulipofika, mama akainua macho akaziangalia zile ngazi, akasema, “Mwanangu, mimi huko sifiki.” Akakaa kwenye baraza ya nyumba ya jirani, anajipepea kwa kanga. Niliona haya, maana hilo lilikuwa neno moja tu la kuandika kwenye ule ukurasa.

Pale pale barazani nikatafuta tena. Nikapata mgahawa mdogo ambao ukurasa wake hauna video wala mbwembwe. Juu kabisa: saa za kufungua, namba ya simu, na maelekezo ya kuanzia Hamamni. Chini yake menyu ya maandishi, kila chakula na bei yake kwa shilingi mstari mmoja, na sentensi hii: “Tupo chini, hakuna ngazi.” Nikabonyeza namba, simu ikapiga yenyewe. Akapokea mama mmoja. Nikamwamkia, nikamweleza tulipo na hali ya mama. Akasema, “Kaeni hapo hapo mwanangu, namtuma kijana awafuate.” Dakika chache baadaye tulikuwa mezani. Mama alikula samaki wa kuchoma na mchicha, wali akauacha. Nilikuwa nimeshayaona yote kwenye simu kabla ya kuinuka barazani.

Niliporudi Dar niliifungua ile tovuti ya kwanza kwenye kompyuta ya ofisini. Ni nzuri kweli. Picha zimejaa kioo, menyu inasomeka vizuri. Hapo nikaelewa: nadhani mwenyewe aliikagua kwenye kompyuta, akaridhika, akalipa, na hajawahi kuifungua kwa simu akiwa juani na njaa. Lakini mteja wake yuko hapo.

Ukurasa uliochorwa kwa upana wa kompyuta, simu inaupunguza wote hadi uenee kwenye kioo chake, ndiyo maana herufi zinakuwa ufuta. Dawa yake si ngeni. Mwaka 2010 mbunifu Mmarekani Ethan Marcotte alieleza namna ya kutengeneza ukurasa mmoja unaojipanga upya kufuata upana wa kioo, na tarehe 21 Aprili 2015 Google ilianza kuzipandisha kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu pale mtu anapotafuta kwa simu. Kwa hiyo mgahawa usiojali hili hauwaudhi tu wanaofika kwenye ukurasa wake. Wengine hawafiki kabisa.

Najua wengi watasema Instagram inatosha. Mimi pia nazipenda zile picha. Lakini menyu iliyozikwa katikati ya picha za birthday za wateja, na bei ambayo hadi uombe inboksi ujibiwe kesho, haimsaidii mtu mwenye mgonjwa wa sukari ambaye saa yake ya kula imefika.

Tovuti ya kwanza naipa nyota moja kati ya tano, na hiyo ni ya picha. Niliwaandikia ujumbe kuwaeleza yote haya pamoja na habari ya ngazi, kwa sababu huenda chakula chao ni kizuri kama nilivyoambiwa na wanapoteza watu mlangoni. Bado hawajajibu.

Ya pili naipa nne. Nyota moja nimeibakiza kwa sababu hawakuandika kama wanapokea malipo kwa simu, na mimi sikuwa na fedha taslimu za kutosha. Ilibidi niulize tukiwa tumeshakula. Wanapokea.