Kamera ya papo hapo: uzoefu wangu, na yule kijana aliyeniunguzia picha ya Bibi

Msinunue. Basi, mwenye haraka aishie hapo, bando ni hela.

Wenye muda sasa. Mi nina Bibi yangu Pangani, ana kitochi kile cha vibonye, smatifoni hataki hata kuigusa anasema inateleza. Kwa picha ukoo wetu hatujambo, kila Idi tunapiga mpaka simu zinalalamika hazina nafasi, grupu linajaa, shangazi aliyeko Maskati anamwaga makopakopa, halafu Bibi mwenyewe ambaye ndo yuko katikati ya kila picha hana hata moja. Hana! Aliyonayo ni ya marehemu Babu tu, ile ya studio, nyeusi na nyeupe, kaizungushia nailoni kaiweka chini kabisa ya sanduku. Ndo nikasema safari hii nanunua ile kamera inayotema picha hapohapo, nampiga, nampa mkononi, yaishe.

Nikaenda Kariakoo, duka silitaji. Ilikuwa siku mbili tatu kabla ya Idi, watu nyomi, jua la kufa mtu. Kijana wa dukani mwanzoni mzuri tu, sista karibu, sista kaa, akanitolea kamera na pakti moja ya filimu, picha kumi. Bei ya kamera nilishajiandaa nayo ila filimu ndo ilinikata maini, ukipiga hesabu kila picha moja karibu elfu tano, yani mtoto akifumba macho umeshakula hasara ya chipsi mayai. Akaniwekea filimu mwenyewe, akabonyeza, kikatoka kile kikaratasi cheusi cha kufunikia, sawa, mpaka hapo hana kosa. Mara akaja kaka mmoja kauliza humo ndani kukoje, na huyu kijana kwa kutaka sifa akafungua mlango wa nyuma wa kamera YANGU, akachomoa kile kikasha chote cha filimu, akakigeuza pale barazani juani kweupe, "unaona bro, karatasi zenyewe ndo hizi", akakirudisha, pa, akafunga, akanikabidhi. Na mi nimesimama namwangalia, tena natabasamu! Sikujua. Hapo najilaumu mwenyewe na sitaki mtu mwingine anisaidie kunilaumu.

Haya. Siku ya Idi tumeshakula pilau, nikamwambia Bibi njoo barazani nikupige. Kawaida Bibi ukimnyooshea simu anajifunika uso na kanga, lakini nilivyomwambia hii inatoka karatasi na karatasi unabaki nayo wewe, akainuka. Akaingia ndani, kimya, tukangoja weee, akatoka kabadilisha kanga, kavaa jozi mpya ambayo haijaonja maji, bado inakwaruza, na kapaka wanja. Wanja jamani, mtu wa miaka themanini na ushee. Akakaa kwenye mkeka akampakata kitukuu chake, akaniambia haya.

Nikabonyeza. Zzzz, karatasi ikatoka. Watoto wote wakajaa, tukangoja dakika moja, mbili, tano, huku na feni tumezima sijui kwanini, kama vile ingepeperusha sura ya mtu. Nyeupe. Nyeupe pe, kama sahani. Bibi kaishika kwa ncha za vidole, anaigeuza, anaisogeza kwenye mwanga, anairudisha karibu na macho, sisi tumeshakata tamaa yeye bado anaitazama. Mwisho akauliza, taratibu tu wala hakuwa anatania, "Au mie ndo siingii tena?"

Nilienda msalani nikafungulia maji.

Nina mjomba alikuwa na studio Tanga mjini enzi za mkanda, enzi za kuosha picha gizani, nikampigia. Hata hakuniacha nimalize, nilipofika kwenye "akachomoa" akasema, "Kaiunguza huyo." Akanielewesha, na nawapa bure: zile karatasi zimelaliana ndani ya kikasha, kila moja mgongo wake ni mweusi haupitishi mwanga, kwahiyo ukikichomoa nje ile ya juu inakunywa jua lote, imekwisha, na za chini yake zinaungua pembeni pembeni mwanga unapopenyea. Dawa ya kuosha iko humohumo, kwenye ule ukingo mweupe mnene wa chini, picha ikitoka inapita kwenye rola, dawa inakamuliwa inatambaa juu ya karatasi. Negativu, yani ule mkanda wa kutolea kopi nyingine, hakuna. Simu ukikosea unafuta unapiga tena hata mara hamsini, hii ikiungua imeungua na elfu tano yako.

Niliporudi Dar nikaenda dukani. Kwa adabu kabisa, nikatoa salamu, nikamwekea picha yangu nyeupe mezani na risiti. Unajua alichosema? "Sista, hukutikisa." Nikamwambia kaka, haitikiswi. Akacheka, akamgeukia mwenzie, "eti haitikiswi". Sasa ngoja niwaambie, wanaotikisa wanaigiza mambo ya wazee, zile za zamani sana ulikuwa unabandua karatasi, picha inatoka ina majimaji, watu wanaipunga ikauke. Tangu Polaroid, ile kampuni ya kwanza ya kamera hizi, walipoleta kamera yao ya SX-70 mwaka 1972, hizi zinazotema picha zenyewe kila kitu kimefungiwa ndani ya plastiki, unapunga nini? Unakausha plastiki? Nikamweleza, nikamkumbusha na mlango aliofungua. Akaniambia filimu haina garantii, halafu, na hiki ndo kilichonikaa, akaniambia bila hata kunitazama huku anachati, "Sista, we piga na simu tu, hizi zina wenyewe."

Zina wenyewe! Nani? Edwin Land, Mmarekani aliyeanzisha haya mambo, inasimuliwa kwamba mwaka 1943 wako likizo, kampiga picha mwanawe, katoto ka miaka mitatu, kakamuuliza kwanini sioni picha yangu sasa hivi. Baba mtu badala ya kumwambia kacheze huko akaenda kuumiza kichwa, na mwaka 1948 kamera ikawa inauzwa Boston. Mtoto wa miaka mitatu kauliza kajibiwa na kamera nzima. Mi mtu mzima, nimelipa keshi, nina risiti, nimeuliza swali moja nimeambiwa zina wenyewe. Nimelala na hilo neno wiki nzima, nalijibu peke yangu kwenye daladala.

Sasa nilisema msinunue. Ngoja.

Ile ya kwanza iliungua, ya pili nusu, ila ya tatu ilitoka. Pembeni ina mfereji wa rangi ya chungwa umeshuka kama mtu kamwaga Fanta, ndo jua la Kariakoo hilo, lakini Bibi yuko pale, wanja, kitukuu, kanga hadi jina lake unaweza kulisoma ukikaza macho. Binamu akaipiga na simu, taa ya dari ikaacha doa jeupe juu ya paji la uso, akairusha kwenye grupu. Mtoto wa shangazi kule Maskati akauliza hiyo filta ni ya programu gani, ni nzuri. Shangazi akapiga simu analia, picha zetu zote zile za simu za miaka yote hakuwahi kulia, leo analia, anasema hataki ya kwenye simu anataka yenyewe, apewe mtu yeyote anayekuja huko amletee. Bibi akakataa. Akanyoosha kidole kwenye simu ya binamu, "Nyie mnazo humo. Hii yangu." Shangazi kanuna mpaka leo, na nasikia lawama zinaniangukia mimi kwamba kwanini sikupiga mbili. Nilipiga! Zilikuwa zinatoka na ukungu pembeni, na wajomba nao walitaka za kwao, kumi ni nini kwa ukoo ule?

Kwahiyo kamera yenyewe sina ugomvi nayo, naipa nne, tena kama mna bibi mwenye kitochi nunueni, uzeni hata kitu. Duka naligawia sifuri. Ingawa, hili naona aibu kulisema, juzi filimu nimenunua tena palepale, nimezunguka mtaa mzima wenzao zilikuwa zimekaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua, na hizo nazo joto linaziharibu. Yule kijana alinikumbuka. Akataka kuichukua kamera aniwekee, nikamwambia kaka tulia, usiguse, nipe pakti yangu na chenji. Nimeiwekea nyumbani, dirisha nimefunga, japo mjomba anasema hiyo sasa ni ushamba, si lazima iwe gizani hivyo.

Ijumaa nashuka Pangani. Bibi kwenye sanduku kaziweka zote mbili, ile nzuri na ile nyeupe, pamoja na Babu kwenye nailoni. Nilimwambia ile nyeupe itupe, haina kitu. Kila tukiongea ananiambia ameitoa akaitazama, "bado haijatoka".