Jaketi okozi langu la njano: miezi saba ya kuvuka Mkokotoni na Tumbatu

Mimi ni mwalimu. Nalala Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, nafundisha kisiwani Tumbatu, kwa hiyo siku tano za wiki niko ndani ya boti asubuhi na alasiri. Safari yenyewe fupi, chai ya kwenye chupa haiwahi kupoa. Lakini ukija msimu wa kusi, maji yakawa yanakwenda kinyume na upepo, pale katikati mawimbi yanasimama wima na kila mtu anakuwa mchamungu ghafla. Maboti yetu yana majaketi, sikatai. Nililolichunguza mimi lilikuwa limebanwa chini ya kamba na galoni la petroli, na mwenye kulitaka angelazimika kwanza kumwinua bibi aliyelikalia. Ndiyo maana nikanunua langu.

La kwanza nililipa shilingi 25,000. Rangi ya chungwa, limeandikwa newton 150 mgongoni (kipimo cha nguvu ya kuelea), linapendeza. Mke wangu akaniuliza, "Umelijaribu?" Nikalifunga jiwe la kilo tano hivi, nikalitumbukiza kwenye pipa la maji ya mvua. Usiku lilielea, jiwe linaning'inia chini yake, nikaenda kulala nimeridhika. Asubuhi nikakuta jaketi na jiwe vyote viko chini ya pipa. Nilipolichana kwa kisu, ndani mlikuwa na sponji ya godoro, vipande vipande, imekunywa maji mpaka basi. Muuzaji ananiambia eti nimelitumia vibaya!

Lile la njano ninalolisifu hapa lilinigharimu 95,000 kwenye duka la zana za uvuvi. Povu lake ni gumu kidogo, ukilibonyeza linarudi, na ukikata ukingo wake halinyonyi maji. Hili nalo limelala kwenye pipa na jiwe lilelile, siku mbili, likabaki juu. Newton 150 ni kama kusema linaweza kukuinua kwa nguvu ya kilo 15 hivi. Utaona nyingi, lakini mtu mzima ndani ya maji huhitaji kilo chache tu za kumshikilia kichwa kikae juu. Zilizobaki ni za nguo zilizolowa na mawimbi. Yale mepesi ya newton 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na aliye karibu na pwani. Mimi kuogelea kwangu ni kwa mashaka.

Majaribio ya kweli niliyafanya ufukweni, maji ya kifuani, mwalimu mwenzangu akisimamia. Kwanza niliacha mkanda wa kati ya miguu bila kuufunga, kwa sababu hakuna anayeufunga. Jaketi likapanda lenyewe hadi masikioni, mimi nikabaki nimening'inia ndani yake kama kobe anayechungulia, mdomo usawa wa maji. Nikaufunga mkanda, likatulia kifuani. Halafu nikalala kifudifudi, nikajilegeza kama aliyezimia. Kola ikanisukuma, nikageuka, nikaona mbingu. Ukinunua jaketi halina huo mkanda, jua umenunua nusu.

Jambo la pili ni kulivaa. Jaketi la meli linatakiwa liwe la namna ambayo hata mgeni nalo aweze kulivaa sawasawa ndani ya dakika 1. Mimi mara ya kwanza, nchi kavu, nilitumia karibu dakika mbili. Siku hizi sekunde 25, hata boti ikiyumba. Mwanzoni manahodha walinicheka: "Mwalimu, leo unakwenda mwezini?" Siku hizi wamezoea.

Watu wa kaskazini hatuhitaji kuelezwa sana. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama nje ya Nungwi ikielekea Pemba. Ilisajiliwa kwa watu 600 na kitu, tume ya uchunguzi ikaja kusema waliokuwemo walipindukia 2,000. Kuna waliookolewa wakiwa wameshikilia magodoro. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, MV Skagit ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, katikati ya kusi. Hiyo iliundwa kwa ajili ya maji yaliyojikinga ya huko Seattle, si kwa mkondo wetu. Jaketi haliwezi kukuondolea uzito wa abiria wa ziada, na boti ikijaa kupita kiasi mimi nateremka hata na jaketi langu mwilini.

Nimeulizwa kwa nini sikuchukua lile la kujazwa upepo, jepesi, linalofura lenyewe likigusa maji. Sababu moja ni kasha la gesi inayolijaza: likishatumika, hapa kwetu la kubadilisha ni tabu kulipata. Nyingine ni ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa, ikaishiwa mafuta na kuangukia baharini Comoro mwezi Novemba 1996. Abiria wengi waliyajaza majaketi yao wakiwa bado ndani, maji yalipoingia yakawabandika darini. Hata hili la povu litanifanyia hivyohivyo nikiwa chumba cha ndani. Kwa hiyo nikipanda meli ya Dar nakaa nje, karibu na mlango, nalo liko mkononi.

Kasoro zake? Joto. Mwezi wa pili hivi, kaskazi ikilala, unashuka Gomani, upande wa Tumbatu, shati limelowa kama umeogelea. Kwapani linakwaruza. Filimbi yake ilikuwa na sauti ya kifaranga, nimeitupa nikafunga ya mwamuzi wa mpira. Lazima ulisuuze kwa maji yasiyo na chumvi na kulianika kivulini, maana jua linachakaza kitambaa. Na usiruhusu watoto walifanye mto, povu linashindiliwa.

Nyota nne kati ya tano, ile moja nimeibania kwa ajili ya filimbi. Sasa natafuta la binti yangu wa kilo 19. La mkubwa halimfai, anateleza na kutoka kwa chini, nimeshajaribu. Anayejua duka Unguja lenye ya watoto yenye mkanda wa miguuni aniambie, nitakuja na jiwe langu.