TAHADHARI: Kijana wa madumu ya petroli iliyochanganywa ameniulia mashine mbili

Wadau wa bustani, wa chenso na wote mnaotumia mashine za tu-stroku, zile zinazotaka oili ichanganywe kwenye petroli, kuna kijana anazunguka na bodaboda kwenye vitalu vya miche huku barabara ya Bagamoyo, anauza petroli iliyochanganywa tayari na oili ya 2T, dumu la lita 5. MSINUNUE. Ni tapeli, tena tapeli aliyeisomea kazi yake, na hapa naandika mikono inatetemeka kwa hasira.

Kabla hamjaanza kunicheka nisikilizeni kwanza, maana najua kuna watu watasema mzoefu kama wewe unapigwaje. Jamaa alikuja pale kitaluni asubuhi tunajiandaa, ovaroli safi, ana dumu la petroli, chupa ya oili haijafunguliwa hata kizibo, na lile bomba kubwa la sindano la kuchomea ng'ombe. Hata hakuniambia ninunue. Akaniuliza tu, "Kaka, mashine zako zinakula moja kwa hamsini au moja kwa ishirini na tano?" Hilo swali jamani! Huku mtaani mnajua hali ilivyo, mtu anapima oili kwa kizibo cha soda, mwingine anakadiria kwa macho, sasa anakuja mtu anakwambia moja kwa 50 ni mililita 20 kila lita kwa hiyo dumu la 5 linataka 100 kamili, ile ya zamani ya 25 inataka 200, anasema hayo huku anavuta oili kwenye bomba mbele yako, anainama mpaka jicho linakuwa sawa na mstari, anaona imezidi, anarudisha kidogo kwenye chupa. ANARUDISHA KIDOGO. Hapo ndo alinimaliza. Tapeli gani anarudisha oili kwenye chupa?? Akatia petroli nusu dumu, akamimina oili, akafunga akatikisa, akajazia petroli iliyobaki, akatikisa tena, ikawa kijani nzuri. Nikaweka kwenye mashine ya kufyekea, nikavuta kamba, ikawaka hapohapo, moshi mwepesi ule wa oili, mlio mtamu.

Sasa niambieni nani angekataa. Na bei haikuwa ya kutupa, angeuza chee ningeshtuka. Alitaka 18,000, ukipiga hesabu ya petroli ya sheli na kile kichupa cha oili unaona kabisa anabakiwa na cha juu kidogo, biashara halali. Nikamwambia niongezee mengine manne. Akasema, "Hayo nimeshachanganya alfajiri kaka, yako kwa mwenzangu hapo mbele," akapanda pikipiki, muda si muda karudi nayo, kijani ileile, vifuniko vimezungushiwa nailoni vizuri. Kumbe lile la mbele yangu ndo lilikuwa na oili, haya manne ni petroli kavu na rangi. Rangi tu!

Tukaenda nayo kwenye ile kazi ya Madale, kufyeka na kukata michongoma nyumbani kwa mama mmoja. Tumeanza vizuri na dumu la kwanza, tulipofungua la pili mashine ikabadilika mlio, ukawa mkali wa chuma, nguvu zinapungua, kijana wangu akadhani nyasi zimejisokota kwenye kichwa akazima akatoa, akavuta kamba ikawaka kwa kulazimishwa, ikajizimia. Kamba haivutiki tena. Imenoki. Namgeukia kijana wa mashine ya michongoma nimwambie asitishe, na yeye ameshashika kiuno, yake imekufa. Mama mwenye nyumba yuko barazani anatuangalia.

Nikazipeleka kwa fundi, mzee wetu wa Tegeta, hana maneno mengi. Akafungua sailensa, akamulika na tochi ya simu, akaniambia chungulia. Pistoni ina mikwaruzo ya kusimama upande wote wa ekzozi kama imepigwa msasa, ringi zimeganda. Akasema, "Hii haikuonja oili." Akaomba mafuta yaliyobaki, akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, pembeni akadondosha la kwake alilochanganya mwenyewe. La kwake likaacha doa la mafuta, ukiinua karatasi kwenye mwanga unaona panang'aa. La kwangu likakauka lote, kimebaki kiduara cha kijani na karatasi kavuuu. Nilitamani ardhi inimeze. Hizi injini sio kama ya bodaboda yenye oili yake huko chini, hapa oili inaingia humohumo na petroli, ikikosekana ni chuma kwa chuma, haichukui muda. Sasa natakiwa silinda na pistoni mbili na advansi ya mama nilishalipa vijana.

Huyu mtu afungwe. Tena uchungu wangu uko hapa, tangu 2010 mafuta ya nchi hii yana vinasaba, yaani kemikali ya alama, ili watu wasichakachue, lakini vile vinamnasa anayeongeza mafuta ya taa, huyu kaiba oili, petroli yenyewe ukiipima utaikuta safi kabisa! Ila leseni ya kuuza petroli wanatoa EWURA, mamlaka ya serikali ya nishati na maji, na huyu anauzia juu ya bodaboda, kwa hiyo pa kumshikia papo. Akishikwa mimi ushahidi ninao, madumu ninayo. Na hakimu akitaka ushauri wangu apewe panga butu afyeke uwanja wa mpira mzima jua la saa saba, kila akisimama aongezewe uwanja mwingine.

Dalili, eeh, moshi. Mashine ikiwa baridi na mafuta yana oili lazima utoke moshi kidogo na ile harufu, haya hayakutoa kitu. Rangi haina maana yoyote. Na dumu asilolichanganya mbele yako lipime kwa karatasi kwanza, au achana nalo kabisa ununue oili yako. Simu yake haipatikani. Anatumia jina tofauti kila kitalu, kwetu alijiita jina moja, kitalu cha jirani jingine. Ana pengo la juu, anaongea taratibu, mpole balaa, mshenzi yule.

Mwenye mashine ya kufyekea ya kuniazima mpaka Jumamosi anicheki inbox, mafuta nachanganya mwenyewe.