Nimemtafuta baba yake babu kwenye sensa ya Uingereza: tovuti ya kulipia ilivyonisaidia na ilivyoniudhi

Kwetu kisa kilikuwa kimoja na hakuna aliyekihoji. Juma, baba yake babu, alipanda meli ya Waingereza kutoka Zanzibar, kazi yake ikawa kulisha makaa tanuri za meli, na meli ikazama naye. Aliacha mke na mtoto mmoja. Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa na cha kuongeza, jina la bandari: "Kadifu". Miaka yote nilidhani ni neno la Kiarabu, mpaka siku nilipoiona Cardiff kwenye ramani ya Wales.

Nikajiunga na tovuti moja kubwa ya kumbukumbu za ukoo. Jina lake silitaji, maana nina ugomvi nayo. Siku 14 za mwanzo ni bure, lakini kadi ya benki wanaitaka siku ya kwanza, na siku ya 15 nikakuta nimekatwa ada ya miezi sita kwa mkupuo. Ilikuwa imeandikwa, sikatai. Kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Ukijiunga, weka kikumbusho kwenye simu kabla hujaandika jina la marehemu wako.

Niliandika Juma, nikapata sifuri. Nikaongeza Zanzibar kama mahali pa kuzaliwa, sifuri tena. Siku ya tatu hivi nikajifunza kwamba kisanduku cha kutafutia kinakubali alama ya nyota mahali pa herufi usizo na hakika nazo, na hapo ndipo mlango ulipofunguka: Jumma, Jumer, Jumah, na mmoja aliyegeuzwa June na kuandikwa mwanamke. Jumer alikuwa kwenye sensa ya 1921, baharia, na faharasa ya tovuti ilisema amezaliwa "Tanzania". Mwaka 1921! Jina lenyewe lilikuja 1964. Mtu aliyenakili fomu ile, au mashine yake, alichagua nchi kwenye orodha ya leo akaendelea na safari.

Kwa hiyo msiishie kwenye manukuu. Fungueni picha ya fomu yenyewe, hata kama inalipiwa kando. Kwenye picha neno Zanzibar limeandikwa wazi, kwa wino, na mkono ulionyooka kabisa. Ni nyumba ya kupanga Bute Street, mtaa wa Cardiff, wanaume saba, wote wa tanuri za meli. Sensa hiyo ilifanyika tarehe 19 Juni na ilitaka umri kwa miaka na miezi. Juma ana miaka 34 na miezi 0. Wa juu yake ana 40 na miezi 0. Wa chini yake 28 na miezi 0. Wote saba miezi 0. Ni kama naiona kalamu ya mwenye nyumba ikishuka safu ile, wapangaji wako kazini au wamelala, naye hana wa kumuuliza.

Tangu hapo sikuuamini umri wowote. Vifo vya England na Wales viliorodheshwa kwa robo za mwaka, na umri umo kwenye faharasa tangu 1866. Nilimpata Jumah mmoja, Cardiff, 1933, miaka 52. Kwa hesabu ya sensa alipaswa kuwa na 46 hivi. Ningeshikilia hesabu ningempita. Angalizo: robo ni ya kusajiliwa, siyo ya kufa, kwa hiyo aliyekufa mwisho wa Machi anaweza kuwa kwenye orodha ya Juni. Na faharasa hii ya vifo huhitaji kuilipia kwenye tovuti kama yangu. FreeBMD, tovuti inayoendeshwa na watu wa kujitolea, inayo bure. Unachukua wilaya, juzuu na ukurasa, unaenda kwa msajili mkuu wa serikali kuagiza cheti. Mimi nilichukua PDF, ambayo haina nguvu kisheria lakini maneno ni yale yale na bei ni nafuu.

Cheti kilisema kifua kikuu, nyumbani, kitandani kwake. Safu niliyoikodolea macho ni ya mtoa taarifa: mjane wa marehemu, alikuwepo wakati wa kifo. Jina lake la Kiwelsh.

Nilimpigia shangazi.

"Shangazi, huyu hakuzama."

"Alizama, mwanangu."

"Cheti ninacho hapa. Kafa kitandani, kwa kifua. Na alikuwa na mke huko."

Akanyamaza kidogo. "Sasa bibi yangu angewaambia nini watu? Asiyerudi amezama."

Baada ya hapo kuna shimo. Sensa ya 1931 ya England na Wales iliungua yote mwaka 1942, ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, na ya 1951 imefungwa mpaka 2052. Kinachookoa ni daftari la tarehe 29 Septemba 1939, lililoandikwa vita vilipoanza ili watu wapewe vitambulisho. Mjane yumo, na mistari miwili chini yake. Mmoja umefunikwa kwa weusi, kwa kuwa wanaodhaniwa wako hai hawaonyeshwi mpaka itimie miaka 100 tangu kuzaliwa. Wa pili ni binti, amezaliwa 1923, na jina la ukoo limekatwa, juu yake limeandikwa jingine kwa wino wa kijani. Ni jina la mume: daftari liliendelea kutumika miaka mingi na makarani walikuwa wakisahihisha humo humo. Nilikaa nikiutazama ule mstari mweusi kuliko ule unaosomeka.

Upande mmoja wa tovuti sitaki hata kuusikia, ni ule wa "madokezo", ambapo inakuletea kwa hiari yake nyaraka na miti ya ukoo ya wanachama wengine. Juma niliyeletewa mimi alikufa 1897. Miaka 24 kabla ya kuhesabiwa! Na watu watatu walikuwa wamekubali dokezo hilo wakaliweka kwenye miti yao.

Nitajuaje kwamba Juma wa Bute Street ndiye wetu? Hapo ndipo ada ilipojilipa. Kifurushi kina kadi za mabaharia wa meli za biashara za 1918 hadi 1921, ambazo asili zake zimehifadhiwa Southampton: namba, mahali pa kuzaliwa, kimo, alama za mwili. Kadi yake inasema Zanzibar na kovu kwenye mkono wa kushoto, na shangazi alisikia kwa babu kwamba baba yake aliungua mkono huo. Kwangu imetosha, ingawa mlisha makaa asiye na kovu la moto ndiye angekuwa wa kushangaza.

Naipa nyota tatu. Picha za nyaraka ni safi, huduma kwa wateja walijibu baada ya siku tisa, pesa hawakurudisha.

Kadi hizo kwa nyuma zilibandikwa picha ya baharia. Nilipogeuza ya Juma nikakuta pembe nne za gundi na karatasi iliyochanika. Shangazi amesema nimchapishie hivyo hivyo, mbele na nyuma.