Siku moja na fundi wa Tingatinga: omba siku mbili

Nafundisha sanaa shule ya msingi, na kwa miaka minane nimekuwa nikiandika ubaoni maneno yale yale: rangi za msingi, mandhari ya nyuma, kukoleza, kuzimua. Watoto wananakili, wanakariri, mtihani unapita. Mwezi uliopita nikalipa shilingi 60,000 nikae siku nzima na fundi wa Tingatinga, mtindo wa uchoraji wenye jina la mwanzilishi wake, hapa Dar es Salaam, kwenye karakana ndogo ya watu wanne, nione maneno hayo yanafanya kazi gani mkononi. Bei ni pamoja na ubao, rangi na brashi. Chakula unajitegemea.

Fundi alianza na ubao. Hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ya futi nne kwa nane ukiikata unapata vipande vinane vya futi mbili kwa mbili, na ndiyo maana picha nyingi za mwanzo za Tingatinga ni za mraba. Edward Saidi Tingatinga, aliyetoka Tunduru, akaanza kuchora jijini mwaka 1968 na kufariki 1972, alitumia hadibodi na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, vitu vilivyokuwa madukani na ambavyo mtu wa kipato chake angeweza kununua. Siku hizi wengi wanachora kwenye kitambaa kilichovutwa juu ya fremu, maana mgeni anakiviringisha na kusafiri nacho. Mimi nikachagua hadibodi.

Nilipiga msasa kidogo upande laini ili rangi ishike, kisha tukaja kwenye kuzimua. Hapa tulikaa karibu saa nzima, na kwangu ndiyo iliyokuwa saa yenye thamani kuliko zote. Fundi alimimina thina, kimiminika cha kulainisha rangi nzito, kidogo kidogo kwenye kopo la rangi, akakoroga kwa kijiti, akakiinua: rangi ikidondoka kwa matone mazito kama uji, inafaa kupaka eneo zima; ikishuka kwa uzi mwembamba usiokatika, hiyo ni ya mistari. Nilijaribu mara tano. Mara mbili niliharibu.

Anga tulipaka bluu juu na nyeupe chini, halafu brashi pana kavu inapita katikati, kushoto kulia, rangi zote mbili zikiwa bado mbichi, mpaka usijue moja inaishia wapi. Nilitaka kurudia ili ipendeze zaidi.

"Acha, Mwalimu," akaniambia. "Ukiipitia tena inaweka mifereji. Iache, itajinyoosha yenyewe."

Kweli, baada ya dakika chache alama za brashi zilikuwa zimepotea.

Brashi ya mistari hainunuliwi ikiwa tayari pale. Fundi alichukua brashi ndogo ya kawaida, akaikata pembeni kwa wembe taratibu, nywele chache chache, hadi ikabaki ncha nyembamba kama kope. Kwa brashi hiyo nilichora kanga, yule ndege, na madoa yake nikayaweka kwa kitako cha brashi. Ukichovya mara moja na kugonga mara tatu, unapata madoa matatu yanayozidi kupungua. Ukitaka yalingane, chovya kila mara. Nukta moja inakaa imevimba, inang'aa, unaweza kuihisi kwa kidole ikishakauka.

Sasa malalamiko, na la kwanza ni kubwa. Rangi ya mafuta, kama hii tuliyotumia, inahitaji kulala usiku mzima ndipo upake juu yake, na darasa linaisha saa kumi jioni. Kwa hiyo baada ya chakula nilipewa ubao mwingine ambao fundi alishaupaka anga jana yake. Kanga wangu amesimama kwenye anga la mtu mwingine! Ubao wangu mwenyewe niliubeba mbichi kwenye daladala, ukafika na vumbi. Jambo hili lilipaswa kusemwa kabla sijalipa.

La pili ni harufu ya thina. Chumba kina dirisha moja, na saa nane kichwa kilikuwa kinaniuma. Kaa karibu na mlango. Mwenye pumu asiende mpaka wahamishie kazi nje, chini ya mwembe uliopo, ambako kuna nafasi ya kutosha.

Kwa darasani nitatumia akriliki, inayozimuliwa kwa maji na kukauka haraka, ingawa haina ule mng'ao. Lakini kuzimua nitawafundisha kwa kijiti na kopo, kila mtoto ainue na kuangalia tone lake.

Wakati wa likizo narudi na walimu wenzangu wawili. Fundi amekubali tuje Jumamosi kupaka anga na Jumapili kuchora wanyama, kwa shilingi 90,000 kila mmoja, na nimeomba meza ziwekwe nje.